Alikabidhiwa Nini? Kuuelewa Usaliti Katika Filamu za Njozi

Jumapili iliyopita nilikaa sebuleni na watoto wa dada yangu tukatazama Maleficent, filamu ya mwaka 2014 ambayo Angelina Jolie anaigiza kiumbe mwenye pembe na mbawa kubwa. Tulifika pale Stefan, mpenzi wake wa utotoni, amemnywesha kitu cha kumlaza usingizi. Akainua kisu juu yake. Mkono ukatetemeka, akakishusha, na sebule nzima ikashusha pumzi. Kisha akachukua mnyororo wa chuma. Kulipokucha Maleficent aliamka, akapapasa mgongo wake, mbawa hazipo. Ukelele alioupiga ulimfanya mpwa wangu mdogo ashike mkono wangu.

Baadaye akaniuliza, "Mjomba, kwani si alimhurumia? Mbona hakumuua?" Kaka yake akadakia, "Huyo msaliti, hana huruma yoyote." Nikamgeukia, nikamuuliza msaliti ni nani. Hakufikiri sana: "Ni mtu mbaya anayejifanya mzuri."

Jibu hilo nimelisikia kwa watu wazima pia, tena wengi. Siku hizi neno msaliti linabeba kila kitu. Mchezaji akitoka Simba akaenda Yanga, msaliti. Mwanasiasa akihama chama, msaliti. Rafiki asipofika harusini bila taarifa, msaliti. Kwenye muvi ndiyo kabisa: yeyote anayemgeuka steringi anatiwa kapu hilo, na humo utawakuta Snape, Boromir, Gollum, mtoto Edmund na huyu Stefan, wote wamebanana kana kwamba walifanya jambo moja. Hawakufanya jambo moja. Kapu hilo ndilo ninalotaka kulimwaga hapa, tumtazame kila mmoja peke yake. Itanibidi kutaja filamu hizo zinavyoishia, kwa hiyo ambaye hajazitazama ajue mapema.

Tuanze na maneno yenyewe. Filamu ya njozi, ambayo wengi tunaiita muvi ya uchawi, ni ile inayosimulia ulimwengu wa kubuniwa wenye nguvu zisizo za kawaida: majitu, wachawi, wanyama wanaosema, pete zenye roho yake. Na usaliti ni kumgeuka mtu aliyekuamini, kwa kutumia imani ileile aliyokupa. Uzito wa maana uko kwenye hicho kipande cha mwisho. Adui hawezi kukusaliti, kwa sababu hukumpa chochote. Tapeli wa njiani anakudanganya, lakini mlikuwa hamjuani. Uhaini ni neno la sheria, kosa la mtu dhidi ya nchi yake. Unafiki ni kuwa na sura mbili, na waliosoma madrasa watakumbuka zile alama tatu za mnafiki: akisema husema uongo, akiahidi hatimizi, akiaminiwa hufanya hiana. Tazama hiyo ya tatu. Hiana inaanza pale mtu anapoaminiwa. Kabla ya hapo hakuna cha kufanyia hiana.

Lugha yetu imeliweka jambo hili wazi kuliko tunavyotambua. Kuamini, uaminifu na amana ni maneno ya shina moja. Amana ni kitu unachomwekea mwenzako mkononi akutunzie: fedha, siri, mtoto, ufunguo. Kumwamini mtu ni kumpa amana, hata kama hakuna kitu kinachoonekana kilichopita kutoka mkono hadi mkono.

Chukua mfano wa upatu. Wanawake kumi wa mtaa mmoja wanachanga kila wiki, na fedha zinakaa kwa kijumbe. Mwizi akivunja dirisha usiku akabeba laki tatu, wote watalia pamoja, kijumbe akiwemo, kesho yake wataweka nondo dirishani. Kijumbe mwenyewe akitoroka na laki tatu hizohizo, wataziba wapi? Fedha ni kiasi kilekile, ila safari hii walimkabidhi wenyewe, mlango ukiwa wazi, huku wakicheka naye. Mwaka ujao hata kijumbe mwema atatazamwa kwa jicho la pembeni. Hasara ya usaliti inaendelea kula muda mrefu baada ya fedha kusahaulika.

Sasa, kwa nini filamu za njozi zinalieleza jambo hili vizuri hivyo? Jibu langu ni kwamba zinaipa amana mwili. Katika tamthilia ya kawaida imani iko moyoni, mwigizaji anajitahidi kuionyesha kwa macho. Katika njozi inakuwa kitu cha kushikika: mbawa, pete, fimbo ya uchawi. Unaona kabisa kilichokabidhiwa, na unaona mkono unaokichukua.

Rudi kwa Stefan. Walipokutana mara ya kwanza wakiwa watoto, walipeana mikono, Maleficent akaungua. Stefan alikuwa amevaa pete ya chuma, na chuma huwaunguza viumbe wa jamii yake. Mtoto yule maskini akaivua pete akaitupa mbali ili asimuumize tena. Nadhani hicho ndicho kipande kizuri kuliko vyote katika filamu nzima, na wengi wanakipita haraka. Siku ile Stefan alipewa siri ya udhaifu wa rafiki yake, akaipokea kwa heshima. Miaka ikapita. Mfalme aliyekuwa anakufa akaahidi taji kwa atakayemuua Maleficent. Stefan akarudi kwake usiku akijifanya amekuja kumwonya, na mfukoni ana chuma. Kile alichokitupa kwa upendo ndicho alichokirudia kwa tamaa. Jeshi zima la mfalme lilikuwa limeshindwa vitani, kwa sababu jeshi halikuwa na siri ile wala halikuwa na nafasi ya kumkuta amelala.

Msomaji wa Kiswahili hapa hana budi kumkumbuka Fumo Liyongo. Shujaa yule wa pwani hakudhurika kwa mkuki wala mshale. Mfalme wa Pate alipochoka kumwinda alimtumia mwana wa Liyongo mwenyewe wa kumzaa, akamwahidi kijana kumwoza binti yake. Kijana akamuuliza baba kinachoweza kumuua, baba akamwambia: sindano ya shaba kitovuni. Akamchoma akiwa usingizini. Ziweke simulizi hizi mbili kando kwa kando. Zimezaliwa mbali kabisa, lakini zina mfalme aliyeshindwa vitani, malipo ya cheo, siri iliyotolewa kwa mapenzi, usingizi, na kipande cha madini. Sidhani kama kuna aliyemwigiza mwenzake. Nadhani watu wa kila mahali waligundua kwamba asiyeshindwa na adui ana mlango mmoja tu, nao ameufungua mwenyewe kwa anayempenda. Ndiyo maana wazee wakasema kikulacho ki nguoni mwako.

Kuhusu swali la mpwa wangu, je, Stefan alihurumia? Ndiyo, nadhani alihurumia, na huruma ile ilikuwa ya kweli. Lakini aligawanya: uhai akamwachia, mbawa akachukua, kwa sababu alitaka taji na alitaka pia kulala usiku. Aliyesalitiwa haoni nusu aliyoachiwa. Anaona mgongo wake. Jolie aliiambia BBC mwaka huohuo kwamba yeye na mwandishi wa filamu walijua tukio lile linasimamia ubakaji. Watu wazima wengi wanaotazama na watoto wao wanahisi hivyo bila kuambiwa, ndipo sebule inanyamaza.

Basi swali linalosaidia kuliko "huyu ni mbaya?" ni hili: alikabidhiwa nini, na nani? Ukiliuliza hilo, kapu linaanza kujipanga.

Mchukue Boromir katika filamu ya kwanza ya The Lord of the Rings, ya mwaka 2001. Aliungana na kundi la watu tisa kumsindikiza Frodo, kijana mdogo wa umbo aliyebeba pete ya kuangamizwa. Amana yake ilikuwa kumlinda mbebaji. Lakini nchi yake ya Gondor inakaribia kuangamia, na pete inamnong'oneza kwamba ingeweza kuiokoa. Wakiwa peke yao msituni anamrukia Frodo aipore. Frodo anaivaa pete, anatoweka machoni pake. Boromir anabaki kwenye majani, anazinduka, anaanza kulia akiita jina lake na kuomba radhi kwa mtu asiyemwona tena. Dakika chache baadaye anapigwa mishale akiwakinga vijana wawili wadogo wa kundi lilelile. Kabla ya kukata roho anamwambia Aragorn, mwenzake wa kundi, alichokifanya. Hakuna aliyemuuliza, hakuna shahidi aliyekuwepo, angeweza kufa shujaa mtupu. Alilitaja mwenyewe.

Alisaliti? Kwa kipimo chetu, ndiyo. Aliinua mkono dhidi ya amana yake. Lakini tofauti yake na Stefan ni kubwa. Stefan alipanga: alivuka mpaka usiku, alibeba dawa, alibeba chuma, alijua maneno ya kusema. Boromir alianguka. Wote wawili wanastahili neno lile, ila mmoja alilijenga kwa siku nyingi na mwingine liliporomoka juu yake katika saa mbaya, naye akatumia pumzi yake ya mwisho kulibeba. Hata kwenye maisha yetu tunaijua tofauti hiyo, ila hasira hutufanya tuisahau.

Yuko pia msaliti wa hofu, naye ni Peter Pettigrew wa Harry Potter. Katika filamu ya tatu, ya mwaka 2004, tunajua kwamba ni yeye aliyewauza wazazi wa Harry, yule mtoto mchawi, kwa Voldemort, mchawi mwovu kuliko wote, kisha akajigeuza panya, akaishi miaka 12 akifugwa na familia isiyojua, huku rafiki yao mwingine akifungwa gerezani kwa kosa lake. Anapofichuliwa anajitetea kwa kuuliza wangefanya nini wao, mbele ya nguvu kama ile. Swali si la kipuuzi, na wengi wetu hatujawahi kupimwa hivyo. Kinachomhukumu ni hiyo miaka 12. Hofu ya usiku mmoja inaweza kueleweka. Lakini kila asubuhi kwa miaka ile aliamka akiwa panya, akala chakula cha watoto wa watu, akaamua tena kunyamaza.

Tukifika kwa Snape, hapo ndipo mabishano ya mtaani huwa makali kuliko pote. Katika filamu ya sita, ya mwaka 2009, Snape, mwalimu wa Harry, anamuua Dumbledore, mkuu wa shule yao, juu ya mnara. Sekunde chache kabla yake alimkuta Harry amejificha chini, akaweka kidole mdomoni kumwashiria anyamaze. Harry akanyamaza. Kwa muda ule mfupi, mtoto aliyemchukia mwalimu huyu kwa miaka sita alimwamini. Kisha akamtazama akiua. Watazamaji walikaa miaka miwili mpaka filamu ya mwisho ilipotoka mwaka 2011, ndipo wakajua kwamba Dumbledore mwenyewe ndiye aliyemwomba afanye vile, kwa mpango waliouweka wawili tu.

Kwa hiyo Snape si msaliti? Hilo ndilo kosa la kulitumia neno bila kusema "wa nani". Usaliti una mwelekeo, kama deni: lazima kuwe na anayedai. Dumbledore hakusalitiwa, alitimiziwa ombi lake, tena ombi zito kuliko yote. Aliyesalitiwa ni Voldemort, aliyemwamini Snape mpaka mwisho. Ndiyo, hata mwovu anaweza kusalitiwa, na wakati mwingine kumsaliti ndiyo haki. Lakini Harry je? Hakusalitiwa kwa maana kamili, kwa kuwa Snape alikuwa anamlinda. Hata hivyo imani yake ilivunjika kweli, na kujua ukweli baadaye hakufuti ule usiku mnarani. Hapa tunapata jambo ambalo kapu letu lilikuwa linalificha: usaliti na kuvunjika kwa imani ni vitu viwili. Kimoja ni kitendo cha mtu. Kingine ni jeraha la mwingine. Mara nyingi vinafuatana, lakini kinaweza kuja kimoja bila mwenzake.

Mfano ninaoupenda zaidi wa jeraha lisilo na kitendo uko kwenye filamu ya pili ya The Lord of the Rings, ya mwaka 2002. Gollum, kiumbe aliyeharibiwa na pete kwa miaka mingi, ameanza kubadilika kwa sababu Frodo anamwita kwa jina lake la zamani, Smeagol, na anamsemesha kama mtu. Tumeshamwona akijifukuza ule upande wake mbaya, akicheza kwa furaha kwamba umeondoka. Ndipo anaingia kuvua samaki kwenye bwawa lililokatazwa, huku wapiga mishale wa kamanda Faramir wamemlenga kutoka juu. Frodo anawasihi wasipige. Anashuka mwenyewe, anamwita kwa upole, amwamini bwana wake na amfuate. Smeagol anasita, samaki mdomoni, kisha anafuata. Askari wanamrukia, wanamkamata, wanampiga.

Frodo alimwokoa maisha. Kwa Smeagol, bwana alimwita mtegoni. Wote wawili wako sahihi kwa kile walichokiona, na hakuna aliyekaa akamweleza mwenzake. Kuanzia hapo ule upande mbaya unarudi, tena ukiwa na ushahidi mkononi. Katika filamu inayofuata atautupa mkate wa safari bondeni na kumpakaza Sam chembe zake akiwa amelala, Frodo aamini Sam ndiye aliyekula, amfukuze rafiki yake wa kweli. Ukiitazama mfululizo, unaona jinsi imani moja iliyovunjika kwa nia njema ilivyozaa usaliti wa kukusudia. Kila nikilitazama lile bwawa nataka Frodo aseme sentensi moja tu zaidi kabla hawajashuka wale askari.

Kuna dhana nyingine inayonisumbua sana, kwa sababu huwaumiza watu mara ya pili: kwamba aliyesalitiwa ni mjinga. Frozen, ya mwaka 2013, imeichochea. Anna anakubali kuolewa na Hans siku waliyokutana, na dada yake anamkatalia waziwazi. Baadaye Hans anamwambia hakuwahi kumpenda, anazima moto chumbani, anafunga mlango amwache agande. Watu wanasema, si alionywa? Alionywa, na kweli aliharakisha. Lakini kuharakisha ni kosa la kipimo, na kuzima moto ni kosa la mkono. Maleficent hakuharakisha. Alimjua Stefan tangu utoto, na yaleyale yakamkuta. Liyongo alimjua mwanawe tangu kuzaliwa. Muda unapunguza hatari, hauiondoi.

Halafu lipo suala la kusamehe. Wengi hudhani kusamehe ni kurudisha imani palepale ilipokuwa, na asiyeweza kufanya hivyo anaambiwa ana kinyongo. Filamu ya Narnia ya mwaka 2005 inalitenganisha jambo hili kwa namna nzuri sana. Edmund ni mtoto aliyeikimbia London ya mabomu, wakati sukari Uingereza ilikuwa ya mgawo. Mchawi Mweupe anampa lokumu, ile peremende laini ya Kituruki yenye unga wa sukari juu, na ahadi ya ufalme. Anawauza ndugu zake watatu, na kabla ya hapo anaropoka habari za Bwana Tumnus, aliyemficha dada yake mdogo. Tumnus yuko korokoroni amefungwa, na mchawi anamwambia, huku Edmund akisikia: huyu ndiye aliyekuuza, kwa peremende. Macho ya yule mtoto hapo yanatosha.

Anapookolewa, simba Aslan anazungumza naye peke yao, kisha anawaambia ndugu zake kwamba yaliyopita hayana haja ya kusemwa tena. Huo ndio msamaha, na umetolewa wote. Dada zake wanamkumbatia. Peter, kaka mkubwa, anamwambia akapumzike, na mdogo wake akishageuka anaongeza: jaribu usipotee tena. Anasema kwa upole, karibu na tabasamu. Lakini amesema. Ameshamsamehe, na bado anamchunga, na hakuna anayemwona Peter mkatili. Imani inarudi baadaye, vitani, Edmund anapoambiwa aondoke na badala yake anakwenda kuivunja fimbo ya mchawi iliyokuwa inageuza watu mawe. Anachomwa na kuanguka. Kukaidi kwake mara ya kwanza kulikuwa kwa ajili ya tumbo lake. Mara hii ni kwa ajili ya kaka yake. Peter anamkimbilia, na hapo hakuna tena cha kuongeza.

Nilijaribu kuwaeleza watoto mambo haya kwa ufupi, kaka mtu akasikiliza nusu. Mdogo wake yeye alikuwa bado yuko kwa Stefan. Akaniomba turudishe nyuma mpaka kasri, pale Stefan ni mfalme mtu mzima, na zile mbawa ameziweka kwenye kabati la kioo. Mtumishi anakuja kumwambia mke wake yuko mahututi. Mfalme hageuki. Yuko anaziongelesha mbawa.

"Mjomba," akasema, "kama alikuwa hamtaki, mbona hakuzitupa?"

Kaka yake, safari hii, hakudakia.